Mandhari katika Michezo ya Kuigiza Uhusika: Pambo au Matini?

Tunapochambua riwaya, mara nyingi mandhari huja mwishoni: tunataja mahali na wakati kwa sentensi mbili, kisha tunarudi kwa wahusika na dhamira. Katika makala haya nachunguza michezo ya video ambayo mchezaji huvaa uhusika na kumfanyia mhusika wake maamuzi. Nadai kwamba humo mandhari haipimwi kwa uzuri wake, bali kwa yale inayomlazimu mchezaji kuyafanya.

Mfano wangu ni Morrowind, mchezo uliotolewa mwaka 2002 na Bethesda Game Studios ya Marekani. Hadithi inatendeka Vvardenfell, kisiwa chenye volkano kubwa katikati. Mhusika anafika kwa meli akiwa mfungwa aliyeachiliwa, na kwa wenyeji yeye ni mgeni tu. Hakuna mshale unaomwonyesha aendako. Akipewa kazi, huelekezwa kwa maneno: fuata njia hii, vuka daraja, kisha geuka upande wa mashariki. Ndivyo tunavyoelekezana mitaani kwetu, kwa mti na kwa daraja. Mchezaji husoma maelekezo hayo huku akitafuta alama zake katika nchi. Hapo mandhari imekuwa matini ya pili, asiyeisoma hupotea.

Tazama pia minara ya wachawi wa ukoo wa Telvanni. Imeoteshwa kutokana na uyoga mkubwa, na vyumba vya wakuu hufikiwa kwa kupaa kwa uchawi, kwani hakuna ngazi. Hahitajiki msimulizi wa kutueleza majivuno yao. Mgeni asiye na uchawi huo hubaki chini, na tofauti ya matabaka anaipata mwilini mwa mhusika wake.

Linganisha na Oblivion, mchezo wa mwaka 2006 katika mfululizo huohuo. Picha zake ni bora zaidi, lakini dira huonyesha mahali pa kwenda, na kwa kugusa ramani mchezaji hufika mji mkuu wowote papo hapo. Mandhari ipo, ila kuisoma si lazima tena.

Wapo watakaosema kwamba kanuni za mapigano na alama za nguvu zingebaki vilevile hata hadithi ikihamishwa kwingine. Nakubali kuhusu kanuni. Lakini kupotea njia, kuuliza wenyeji na kushindwa kuupanda mnara havitokani na kanuni za upanga. Vinatokana na mahali.

Kwa hiyo napendekeza kipimo kinachofaa hata kwa riwaya na tamthilia tunazosoma hapa kitivoni. Badilisha mandhari, kisha uliza ni matendo gani ya mhusika yasingewezekana. Yasipopatikana, sentensi mbili zinatosha. Yakipatikana mengi, uchambuzi wetu uanzie hapo.