Kikombe Si Mizani

Muhula uliopita, katika zoezi la mapishi, tulitakiwa kutumia gramu 200 za jibini iliyokunwa kwa makaroni ya kuoka. Mizani ilikuwa mbovu. Nilijua kikombe chetu huchukua mililita 250 za maji, yaani gramu 250; basi nikatia jibini pungufu ya kikombe kimoja. Makaroni yalitoka chapwa, na alama zikapotea.

Kosa langu lilikuwa kuidhania jibini kuwa maji. Jibini iliyokunwa hulala ovyo kama majani makavu, na katikati yake mna hewa. Kikombe kile, kikijazwa bila kushindiliwa, hubeba kiasi cha gramu 100 hadi 120 tu. Nilihitaji karibu vikombe viwili! Nawe msomaji, ukiishindilia, au ukiikuna laini zaidi, hesabu hubadilika tena.

Mwalimu alituonyesha njia nyepesi. Tazama uzito ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kukuna. Kipande kikiwa cha gramu 400, kikate katikati, ukakune nusu moja yote. Kukuna hakupunguzi uzito, ila kile kidogo tunachoonja.