Kamera ya Simu na Heshima ya Mtu: Somo Kutokana na Filamu ya Wanafunzi Tarime na Serengeti



Katika likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tunaosoma falsafa tulishirikiana na vijana wa sekondari mkoani Mara kutengeneza filamu fupi kuhusu ukeketaji. Tulikuwa na simu tatu, maikrofoni moja ya waya, betri ya akiba na kompyuta mpakato moja. Tulidhani kazi ngumu ingekuwa kujifunza programu ya kuhariri. Kumbe ile ilikuwa kazi ya siku mbili tu. Kazi ngumu ilikuwa kuamua sura ya nani iingie katika filamu na ya nani isiingie. Katika somo hili tunaeleza jinsi tulivyofikia uamuzi wetu, ili parokia au shule itakayopenda kufanya kazi ya namna hii isirudie kosa letu.

1. Mazingira ya kazi yetu

Tarime na Serengeti ni wilaya jirani. Tarime inapakana na Kenya, na Sirari ndio mji wake wa mpakani. Makao makuu ya Serengeti ni Mugumu, karibu na Hifadhi ya Taifa. Tarime wakazi wengi ni Wakurya. Serengeti wanaishi pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengine. Katika koo nyingi za Kikurya msimu wa tohara hutangazwa na wazee wa mila, na mara nyingi huangukia Desemba, shule zinapofungwa. Ndiyo maana kwa baadhi ya wasichana likizo ya mwisho wa mwaka ni kipindi cha hofu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa mkoani Mara wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 28. Kitaifa idadi hiyo ilikuwa 8 kati ya 100. Sheria ipo. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinamwadhibu mlezi anayemkeketa mtoto wa chini ya miaka 18 au kusababisha akeketwe. Adhabu ya kifungo ni kati ya miaka 5 na 15. Lakini sheria haifiki nyumbani yenyewe. Inahitaji watu, nao watu wanahitaji kuguswa. Ndipo tulipowaza filamu.

2. Kosa letu

Tulimpata msichana mmoja wa sekondari aliyewahi kukimbilia nyumba salama, kisha akarudi kuishi na ndugu. (Baadhi ya mambo katika simulizi hili tumeyabadilisha kwa makusudi, na sababu yake msomaji ataiona.) Alikubali kusimulia mbele ya kamera. Alizungumza kwa dakika kumi na moja bila kusita, na wote tulijua kwamba hatungepata kitu kizuri zaidi ya hicho. Tulipozima simu akatuuliza, “Frateri, nikibadili mawazo baadaye mtaweza kuirudisha?”

Mmoja wetu akajibu haraka, “Tutaifuta.”

Akasema, “Na ile itakayokuwa kwenye simu za watu?”

Hatukuwa na jibu. Usiku tulipoitazama ile video upya tuliona nembo ya shule kwenye sweta lake. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa nyumba na kilima cha mawe ambacho mtu yeyote wa eneo lile angekitambua. Tulipofungua maelezo ya faili tukakuta simu imeandika mahali hasa tulipopigia picha, kwa vipimo vya ramani. Hatukuwa tumezima huduma ya mahali. Isitoshe, simu moja ilikuwa imekwisha kutuma nakala katika hifadhi ya mtandaoni bila sisi kuiamuru.

Kesho yake, mbele yake na mbele ya mlezi wake, tuliifuta ile video katika simu, katika kapu la taka la simu na katika hifadhi ya mtandaoni. Kisha tulibishana siku nzima. Wengine walisema ukweli usio na sura ya mtu haumgusi mtu. Wengine walisema hatuna haki ya kumfanya mtoto alipie filamu yetu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na tulijikuta tumerudi darasani.

3. Sanaa na busara

Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatofautisha sanaa na busara. Sanaa ni akili iliyonyooka katika kutengeneza vitu. Busara ni akili iliyonyooka katika kutenda. Fundi anapimwa kwa ubora wa kile alichokitengeneza. Mtu mwenye busara anapimwa kwa wema wa tendo lenyewe. Kwa hiyo inawezekana kutengeneza filamu nzuri kwa tendo baya. Ile video yetu ilikuwa na mwanga mzuri na sauti safi. Kisanaa ilifaulu. Kosa lilikuwa upande wa pili, nasi tulikuwa tumejipima kwa upande mmoja tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba wanaotumia vyombo vya upashanaji habari wanapaswa kujua kanuni za maadili na kuzifuata. Pia unatufundisha kutazama mazingira yote ya tendo, yaani lengo, watu, mahali na wakati. Mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu hawezi kufanywa chombo tu cha kufikia lengo, hata lengo likiwa jema kama kuwaokoa wasichana wengine.

Hapa kuna fundo jingine. Kwa kawaida ridhaa ya mtoto hukamilishwa na ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Lakini katika jambo hili huenda mzazi ndiye anayetaka binti akeketwe. Tumwombe kibali nani? Na mtoto mwenyewe anakubali leo jambo litakaloendelea kuonekana atakapokuwa na miaka thelathini, mwenye ndoa na watoto. Teknolojia ya zamani ilikuwa na ukomo: mkanda ulichakaa, na nakala zilikuwa chache. Faili ya kidijitali hunakiliwa mara elfu bila kupungua ubora. Kwa sababu hiyo ridhaa tunayoiomba leo ni nzito kuliko ile iliyoombwa na wapiga picha waliotutangulia.

4. Kifaa kilekile, matumizi mawili

Hatusemi teknolojia ni mbaya. Serengeti yenyewe inatoa mfano mzuri. Rhobi Samwelly, mwanzilishi wa shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, anahudumia wasichana waliokimbia ukeketaji. Vijiji vingi vilikuwa havionekani ipasavyo katika ramani, na kumfikia msichana usiku ilikuwa shida. Mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015 uliwaunganisha watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Wanachora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti katika ramani huria ya OpenStreetMap, nao wenyeji wanajaza majina kwa simu zao. Ramani hizo zimewasaidia waokoaji kujua njia.

Angalia basi. Vipimo vya mahali vinavyomwonyesha mwokoaji njia ndivyo hivyohivyo vilivyokuwa ndani ya video yetu, vikimwonyesha njia yeyote ambaye angetaka kumrudisha yule binti. Tofauti haimo katika kifaa. Imo katika swali la nani atakipata na kwa kusudi gani.

Mtu atauliza: je, hakuna filamu zilizoonyesha wasichana hawa? Ipo ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, iliyoongozwa na Giselle Portenier, mwandishi wa habari wa Kanada. Inamfuatilia Rhobi Samwelly na wasichana waliokimbilia nyumba salama, na imebeba sauti yao mbali. Rhobi mwenyewe amesimulia hadharani kwamba alikeketwa akiwa binti na nusura afe. Lakini yeye ni mtu mzima aliyechagua kusema, na ile ni kazi ya mwandishi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Sisi ni wanafunzi wa likizo ya wiki chache. Baada yetu kuondoka, nani angebaki na yule binti? Mtu apime uwezo wake kabla ya kubeba mzigo wa mwingine.

5. Kwa nini tulichagua igizo

Aristotle anafundisha kwamba ushairi una falsafa zaidi kuliko historia, kwa kuwa historia husimulia lililompata mtu fulani, nao ushairi huonyesha linaloweza kuwapata watu wa namna hiyo. Mafundisho hayo yalitufungua macho. Igizo si uongo. Linaweza kusema ukweli wa wasichana wengi bila kumtaja hata mmoja. Hata neno la Kilatini persona, ambalo ndilo tunalolitumia darasani tukizungumzia nafsi, kwanza lilitaja barakoa ya mwigizaji jukwaani. Safari hii barakoa ilikuwa ya kumlinda mtu.

Tuliandika mchezo wa dakika kumi na mbili. Binti aliigizwa na kijana mtu mzima wa VIWAWA, baba akawa katekista. Hatukuonyesha tendo la ukeketaji; mlango unafungwa, na kamera inabaki nje pamoja na mdogo wake. Yule msichana wa kwanza aliomba kusoma mchezo wetu. Alitusahihisha jambo moja: “Mmemfanya alie mwanzo hadi mwisho. Sisi hatulii muda wote. Tunapanga.” Tukaandika upya nusu ya mchezo. Yale yaliyomhusu yeye peke yake hatukuyatumia, na hata hapa hatuyasimulii.

6. Hatua za kufuata

Kwa wale watakaopenda kufanya kazi kama hii, tunapendekeza haya:

(a) Vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inahusu pia filamu ndogo, kwa hiyo ulizeni mapema taratibu za Bodi ya Filamu. Mwarifuni paroko, serikali ya kijiji na afisa ustawi wa jamii. Huyu wa mwisho ni muhimu hasa pale ambapo mlezi wa mtoto hawezi kutegemewa.

(b) Kuandaa simu. Zimeni huduma ya mahali katika kamera. Zimeni utumaji wa nakala mtandaoni. Washeni hali ya ndegeni ili simu isiite katikati ya kazi. Ubora wa 1080 unatosha, na hauli nafasi kama 4K. Chagueni picha 25 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kasi hiyo hupunguza kumetameta kwa taa.

(c) Kupiga picha. Fanyeni kazi asubuhi au alasiri. Jua la saa sita hutia kivuli machoni. Shikeni kidole kwenye uso wa mwigizaji katika kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo na ubaki hapo, la sivyo ngozi nyeusi hugeuka kivuli kitupu mbele ya anga jeupe.

(d) Sauti. Watazamaji huvumilia picha hafifu, ila sauti mbovu huwachosha upesi. Wekeni simu ya pili mfukoni mwa mwigizaji kama kinasa sauti, kisha pigeni kofi moja mwanzoni ili sauti na picha zioanishwe. Kipande cha sponji juu ya maikrofoni huzuia upepo.

(e) Kuhifadhi. Kila jioni wekeni nakala mbili, katika kompyuta na katika diski ya nje, zenye nywila. Msitumiane vipande ghafi katika makundi ya simu.

(f) Kuhariri. Kdenlive ni programu huria isiyolipiwa. Mkilazimika kutumia ushuhuda wa kweli, msitegemee kufifisha sura peke yake. Sauti, sare, kitenge na kilima humtaja mtu vilevile. Maneno yake yasomwe na mtu mwingine.

(g) Kuonyesha. Anzeni na jumuiya ndogondogo na wazee, kabla ya mtandao. Siku ya kuonyesha awepo mtu aliye tayari kumpokea mtoto atakayekuja kusema, “Na mimi.” Tangazeni pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure.

7. Hitimisho

Filamu yetu ina kasoro. Mwigizaji wa baba anatazama kamera mara mbili, na upepo umekula sentensi nzima. Tulipoionyesha ukumbini mzee mmoja alisema, “Huyo binti namjua.” Wa pili akasema anamjua pia, lakini alimtaja mwingine. Hakuna aliyemtaja yule tuliyeifuta video yake. Tukiwa tunasomea utume wa kuwasikiliza watu katika siri zao, hilo lilitufundisha zaidi kuliko makofi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika simu zetu kuna picha za watoto au wagonjwa ambazo hatukuziombea ridhaa?
2. Mzazi anapokuwa ndiye hatari kwa mtoto, parokia yetu inampeleka wapi huyo mtoto?
3. Kabla ya Desemba ijayo, sisi tutafanya nini?