Picha za Kale za Watu wa Polinesia

Wasomaji wetu hukuta vitabuni picha za kale za watu wa Polinesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Yafaa tujue zilivyofanywa.

Mwezi wa Oktoba 1773, Nahodha James Cook alishuka katika kisiwa cha Eua, huko Tonga, pamoja na mchoraji wake, William Hodges. Baada ya merikebu kurudi Uingereza mwaka 1775, fundi J. K. Sherwin aliichora habari hiyo katika bamba la shaba. Mistari hukatwa kwa chuma kikali, wino hutiwa ndani yake, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi hugandamizwa juu. Lakini Sherwin hakupata kuwaona watu wale. Picha ikatoka na sura za Wayunani na mavazi marefu ya kupeperuka. George Forster, aliyekuwamo safarini, aliikosoa katika kitabu chake cha mwaka 1777.

Barazani shahidi huulizwa: Uliona, au uliambiwa? Basi enyi walimu, picha nayo iulizwe vivyo hivyo: Nani aliyeona, na nani aliyechonga? Uzuri wa picha si ushahidi.