Kabla Mumeo Hajatia Saini

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma na nimekuelewa. Mumeo amepandikizwa seli shina huko India, sasa ini linasumbua, na madaktari wameleta fomu ya utafiti wa dawa ya kingamwili. Unaniuliza usaini au usisaini. Maadamu ana fahamu zake, saini ni yake. Wewe msaidie kuuliza.

Dawa kali anazopewa mgonjwa kabla ya kupandikizwa, busulfani ikiwemo, huweza kuumiza mishipa midogo ndani ya ini hadi ikaziba. Mara nyingi dalili hutokea ndani ya siku 21 za mwanzo: ini linavimba na kuuma chini ya mbavu za kulia, tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya manjano, na uzito unapanda hata kama mgonjwa hali chochote. Kwa hiyo mizani ya asubuhi usiidharau. Ukiona kamba ya suruali ya kulalia imeanza kumbana, mwambie nesi palepale, usingoje daktari apite.

Dawa iliyoidhinishwa kwa hali hiyo ikiwa mbaya ipo, inaitwa defibrotaidi: Ulaya tangu 2013, Marekani tangu 2016. Hiyo si kingamwili. Basi ulizeni kwanza: akiingia kwenye utafiti ataendelea kuipata, au ataikosa? Hilo, kwangu mimi, ndilo swali kubwa kuliko yote.

Msione haya kuuliza ushahidi. Defibrotaidi hiyohiyo inatumika kutibu, lakini ilipojaribiwa kuzuia ugonjwa usitokee, haikuonyesha kushinda huduma ya kawaida. Na kingamwili nazo si maji ya kunywa. Inotuzumabu na gemtuzumabu, zinazobeba sumu ya kuua seli za saratani ya damu, zenyewe zinaweza kuleta ugonjwa huuhuu wa ini. Kama aliwahi kupewa mojawapo, daktari akumbushwe.

Ulizeni pia nani atalipa vipimo vya ziada, na nani atamtibu dawa ikimdhuru. Anaweza kukataa, au kujitoa katikati, na matibabu yake ya kawaida yakaendelea. Asikubali kwa sababu tu madaktari wamemtendea wema.

Andika maswali leo, dada, na fomu isomwe kwa lugha anayoielewa mumeo kabla hajashika kalamu.