Mwanga: Mfalme Mmoja, Sura Nyingi

Kila tarehe 3 Juni, tunapoadhimisha Mashahidi wa Uganda, watoto wetu wa Bariadi humsikia Kabaka Mwanga akitajwa kama muuaji. Hasingiziwi. Kati ya 1885 na 1887 aliwaua Wakristo 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wengi wao vijana watumishi wa nyumba yake.

Lakini habari zake haziishii hapo. Alipopinduliwa mwaka 1888 alivuka Ziwa Nyanza akafika Magu, jirani na mkoa wetu wa Simiyu, kisha akapata hifadhi kwa Wamisionari wa Afrika huko Bukumbi. Naam, wale aliowaulia wanafunzi wao ndio waliompokea! Hata waongofu walionusurika walimpigania, akarudishiwa kiti chake. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa. Alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Shelisheli. Huko alibatizwa kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yalizikwa Kasubi, penye makaburi ya wafalme wa Buganda.

Basi, wamisionari waliandika juu ya mtesaji. Baada ya Uganda kujitawala mwaka 1962, wengi wakamsifu kuwa mpinga ukoloni. Miaka miwili baadaye, Papa Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa Watakatifu. Ni sura ipi iliyo ya kweli?

Twaona kwamba kila kizazi huwauliza wafalme wa kale swali lake chenyewe. Mwanga alikuwa na sababu ya kuwaogopa wageni, kwani Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi upande wa pwani. Hofu hiyo yatusaidia kumfahamu. Haimtakasi na damu ya wasio na hatia. Wala damu hiyo haifuti ukweli kwamba alitetea ufalme wake.

Nasi Usukumani tunao mtihani huo huo. Watemi waliondolewa madaraka mwaka 1963. Leo mzee mmoja hukumbuka ulinzi wao, na mwingine kodi na kazi za shuruti. Tusimnyamazishe hata mmoja.

Enyi walimu na wazazi, wafundisheni watoto habari nzima. Anayefundishwa nusu ya ukweli hujifunza ama kuchukia, ama kuabudu, kupima hajui. Kama mapadre wa Bukumbi waliweza kumfungulia mlango mtu waliyeyajua vema makosa yake, sisi twashindwaje kumsimulia kwa haki?