Kuchora Vitu kama Jicho Livionavyo

Katika mji wa wavuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, chombo ndicho riziki. Mafundi wa pwani tangu zamani wameunda mashua kwa kipimo cha jicho, bila ya ramani. Lakini mwenye chombo akiwa mbali na fundi wake, maneno peke yake huweza kuharibu mbao za thamani. Picha huwapatanisha kabla msumeno haujashikwa. Yafaa basi vijana wajifunze kuchora. Kalamu ya risasi na karatasi zatosha.

Zoezi la kwanza ni pipa. Litazame toka juu: mdomo wake huonekana kama duara iliyobanwa, isiyo na pembe. Kadiri uinamavyo ndivyo izidivyo kuwa nyembamba, na jicho likiwa sawa na mdomo, huonekana mstari tu. Chora uonavyo, si ujuavyo.

La pili ni sanduku. Pembe yake moja na ikuelekee. Mistari ya kusimama hubaki wima. Ile iendayo mbali hukaribiana, kana kwamba itakutana pale bahari ipakanapo na mbingu.

La tatu ni dafu. Duara peke yake ni sahani; tia kivuli upande usioelekea jua, nalo litavimba.

Ukisha kuyaweza hayo, chora sanduku refu jembamba, na ndani yake mashua: kwanza mkuku, kisha omo na tezi, mwisho mbavu. Usichoke kurudia, mkono hutii ulichozoezwa.