Kusema Kweli Mbele ya Wengi

Mtoto amekufa kijijini. Homa ilimshika siku tatu, wala hakupelekwa kwenye dispensari. Baada ya maziko watu wanakusanyika barazani, na mmoja anataja jina la bibi kizee mjane akaaye peke yake mwisho wa kijiji: ndiye aliyemloga mtoto. Mwingine anaitikia, wa tatu anaongeza neno lake. Jirani aliyeiona homa ile tangu siku ya kwanza yupo, ameketi pamoja na wenzake. Aijua habari yote. Lakini anatazama chini, ananyamaza, na shauri linapita kana kwamba wote wamekubali. Kabla ya jua kuchwa bibi amekwisha kufukuzwa, na nyumba yake imebomolewa. Mambo ya namna hii hutokea katika vijiji vya Kongo hata leo.

Kwa nini jirani alinyamaza? Aliye mwepesi wa kuhukumu atasema: ni mwoga. Jibu hilo halitoshi. Mtu haishi peke yake. Wenzake humsaidia kulima, humgawia chumvi, nao ndio watakaomzika. Kutengwa nao ni hasara ya kweli, wala si jambo la kuchekwa. Tena iko hofu ya pili, iliyojificha zaidi: watu ishirini wakisema neno moja, yeye aonaye vingine huanza kuyashuku macho yake mwenyewe.

Hofu hiyo ya pili imepimwa. Mwaka 1951 mtaalamu wa mambo ya nafsi, Solomon Asch, alitangaza majaribio aliyoyafanya Marekani. Aliwaketisha vijana wa chuo, saba hata tisa, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, waseme ni upi ulio sawa na ule wa kwanza kwa urefu. Hata mtoto angeweza kujibu. Lakini wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wameagizwa kwa siri watoe mara nyingi jibu la uongo. Yule mmoja asiyejua kitu alijibu karibu na mwisho, baada ya kuwasikia wenzake wakikosea kwa sauti moja. Akafanyaje? Katika nafasi hizo, karibu theluthi ya majibu ya watu wa namna yake yaliufuata uongo wa wengi, na watu watatu katika kila wanne walishindwa angalau mara moja. Wala hapakuwa na fimbo, wala gereza, wala mtu aliyewatisha.

Kisha Asch akabadili jambo moja. Akamweka mtu mmoja tu wa kusema kweli kati ya wale waongo. Hapo makosa yalipungua hata yakawa karibu robo ya yale ya kwanza. Wengi walikuwa wangali wengi. Ila yule aliyejaribiwa hakuwa tena peke yake.

Barazani hali huweza kuwa mbaya zaidi ya ile ya chumba cha Asch, maana huko wengine walikuwa wameagizwa, lakini hapa pengine watu kumi wana mashaka yale yale moyoni, na kila mmoja anauhesabu unyamavu wa jirani yake kuwa ni kukubali. Kumi wananyamaziana. Atakayefungua kinywa kwanza hawashindi hao kumi, anawafungua.

Jimbo la Kasongo, ambalo Kabambare imo ndani yake, liliwahi kuwa na mchungaji wa namna hiyo. Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Walungu, akawa padri, kisha Myezuiti. Mwaka 1971 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, walifanya maandamano, na serikali ya Mobutu ikawaingiza jeshini kwa nguvu. Padri Munzihirwa alikuwa mlezi wa vijana Wayezuiti. Umri wake ulikuwa miaka 45, wala hakuna aliyemdai. Akaomba mwenyewe aandikwe askari pamoja na wanafunzi.

Mwaka 1986 alipewa uaskofu ili amsaidie Askofu wa Kasongo, na tangu 1990 hata 1994 akaliongoza jimbo lenyewe. Mwaka huo wa 1994 akawekwa Askofu Mkuu wa Bukavu, na baada ya miezi michache malaki ya wakimbizi wa Rwanda wakavuka mpaka, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kati yao walikuwamo wauaji. Basi wengi wakasema: wote ni wauaji. Askofu Mkuu alisema kwamba waliomwaga damu wapelekwe hukumuni, bali mama na mtoto wake mchanga wasiadhibiwe kwa kosa la mwingine. Wala hakuwapendelea askari wa nchi yake mwenyewe. Aliwakemea kwa unyang'anyi wao. Kwa hiyo hapakuwa na upande uliompenda kabisa, na hiyo ndiyo hali ya kawaida ya mtu asemaye kweli yote.

Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Wakubwa wengi wakakimbia, yeye akabaki. Jioni ya tarehe 29 askari walilizuia gari lake mahali paitwapo Nyawera. Akashuka akiwa na msalaba mkononi, akawaendea kwa miguu, nao wakamwua.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila apingaye ana dhamiri. Yuko mbishi, apendaye kusikilizwa, ambaye baraza likisema ndiyo yeye husema siyo. Mtu wa dhamiri hutambulikana kwa kuwa gharama ya neno lake hulipa yeye mwenyewe, tena akionyeshwa kosa lake hukubali.

Na kijana afanyeje mbele ya wazee? Heshima haimkatazi kusema. Humfundisha namna ya kusema. Aweza kumwendea kwanza mzee mmoja faraghani na kumweleza aliyoyaona. Kisha barazani aombe ruhusa: «Wazee wangu, naomba kuuliza. Mtoto aliugua siku ngapi? Nani alimpeleka kwenye dispensari?» Swali halimvunjii mzee heshima, nalo huwapa wengine nafasi ya kupumua.

Nikodemo naye alianza kwa swali. Kwanza alimwendea Yezu usiku. Baadaye, wakubwa walipotaka kumkamata Yezu, aliwauliza kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Swali lake halikumpatia sifa siku ile: walimdhihaki, wakamwuliza kama yeye pia ni Mgalilaya. Lakini Bwana alipokwisha kufa msalabani, na karibu rafiki zake wote wamejificha, Nikodemo alikuja mbele ya macho ya watu pamoja na Yosefu wa Arimataya, akichukua manemane na udi, yapata ratli 100, kwa ajili ya maziko.

Maswali. Nikodemo aliwauliza wakubwa neno gani? Katika majaribio ya Asch, ni nini kilichopunguza makosa? Yule jirani wa barazani angeweza kumwendea nani kwanza?